Mwambieni Idi asimshike huyo konokono

Mwanaidi: [picha] Tazameni Idi alichookota maji yalipokupwa! Kombe jepesi, lina mabaka ya hudhurungi kama ramani. Anataka kulitia mfukoni.

Mjomba Salim: Mwanaidi, mwambie aliache SASA HIVI!

Mwanaidi: Kwa bahati kalitia ndooni. Kuna nini mjomba?

Mjomba Salim: Mwenyewe yumo ndani. Huyo ni konokono koni, Conus geographus. Watu zaidi ya 30 wamerekodiwa kufa kwa sumu ya koni, karibu wote kwa aina hiyo. Mimi mpiga mbizi simgusi hata nikivaa glavu, jino lake linazipenya.

Shangazi Tatu: Mie nilijua ukishika upande mpana uko salama.

Mjomba Salim: Hapana dada. Jino lake ni chusa hasa, lina uwazi ndani kama sindano. Hulirusha kwa mkonga wake, na mkonga unapinda ukafika popote unaposhika.

Mwanaidi: Yarabi! Nimeangalia vidole vyake, havina alama. Hasikii maumivu.

Mjomba Salim: Alhamdulillahi. Ila maumivu yasikutulize, wengine husikia kama wamechomwa na mwiba tu. Ukiona ganzi au macho mazito, mfunge bandeji ya kubana mkono mzima, asitembee, mbioni hospitali. Dawa ya kuizima sumu hakuna. Pumzi ikipooza, mashine ndiyo inampumulia hadi sumu iishe.

Zuhura: Mjomba, chuoni tulimsoma huyu. Usiku anapanua mdomo kama wavu, anaachia insulini majini, tena inafanana na ya samaki! Sukari yao inashuka, wanalegea, anawameza. Iligunduliwa 2015. Na kutokana na sumu ya ndugu yake, Conus magus, ilitengenezwa dawa ya maumivu makali inayoingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Marekani waliiidhinisha 2004. Haina uraibu wa mofini.

Shangazi Tatu: Kiumbe hicho hicho! Basi msimuue.

Mjomba Salim: Asiuawe. Mwanaidi, usitie mkono. Inamisha ndoo taratibu pale pale alipookotwa, Idi akae mbali.

Mwanaidi: Nimemmwaga. Katulia kidogo, kisha kaanza kujifukia mchangani. Sasa umebaki mrija wake tu nje, unanusanusa maji.