Hosteli ya chuo au kupanga nje? Chuo chenyewe ni kidogo

Chipukizi
Wadau, habari zenu. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Chuo kimeniambia nafasi yangu ya hosteli ipo, nikilipia ni yangu, nikikaa kimya anapewa mwingine. Huku nako wenzangu watatu wa darasani wamepata nyumba ya kupanga, kimebaki chumba kimoja. Kodi yake kwa mwezi ni nafuu kuliko hosteli. Ninachohofia ni kujitenga, maana chuo chetu ni kidogo na maisha yote yako ndani ya geti. Mngekuwa nyinyi mngechagua ipi?

Msomaji wa Usiku
Mleta uzi, umetupa nusu ya habari. Uko mwaka wa ngapi? Nyumba iko umbali gani? Hiyo kodi ina maji na umeme ndani yake? Hosteli mnalala wangapi chumbani? Jibu hayo kwanza, la sivyo tunabahatisha.

Nyota ya Alfajiri
Hosteli, wala usijiulize. Chuo kikubwa ukikaa nje bado mtaa umejaa wanafunzi. Chuo kidogo si hivyo, mambo yote yanaanzia koridoni. Mtu anagonga mlango, "tunashuka uwanjani, twende." Wa nje hagongewi, na si kwamba anachukiwa, ni kwamba hayupo. Nimekuwa kwenye serikali ya wanafunzi: wanaokaa nje walikuwa wanaaga kabla ajenda ya mwisho haijafika, na uchaguzi ukija hawachukui hata fomu.

Kifimbo
Nyota, koridoni hukohuko ndiko masomo yanakofia. Taa haizimwi, mmoja anasoma, mwingine ana wageni kitandani kwake, mwenye mtihani asubuhi anajifunika shuka usoni. Mimi ni wa kupanga nje. Ukifunga mlango umefunga.

Mzee wa Kona
Naomba nieleze yaliyotukuta, kwa sababu mleta uzi anaelekea njia ileile. Tulipanga nyumba wanne, mkataba mmoja, sahihi nne. Katikati ya muhula mwenzetu akaacha chuo. Alihamisha vitu usiku, ufunguo akauacha juu ya fremu ya mlango. Mwenye nyumba alipofuata kodi alitusomea kifungu: wapangaji wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Yaani ile robo ya aliyeondoka ikawa yetu.

Tukatafuta wa kuziba pengo, na hapo ndipo udogo wa chuo ulipotuumiza. Mwaka ukishafika katikati kila mtu ana pa kulala. Tangazo letu lilikaa kwenye ubao wa maktaba mpaka ncha zikajikunja, hakupiga simu hata mmoja. Tukalipa watatu mpaka mkataba ukaisha. Siku ya kutoka mwenye nyumba akakata amana yetu kwa sababu ya doa la unyevu ukutani, doa lilelile tulilomwonyesha siku ya kuingia naye akasema "hilo nalijua". Maneno ya mdomo hayo, hayakuandikwa popote. Kibaya zaidi, mdogo wake yule aliyetukimbia tulikuwa naye darasa moja. Kila kipindi tunaonana, hakuna wa kuanza kuongea. Chuo kikubwa usingemwona tena.

Sheria Mkononi
Pole sana mkuu. Kifungu hicho kinamruhusu mwenye nyumba kumdai yeyote kati yenu deni lote. Chipukizi, kabla hujasaini uliza kama kila chumba kinaweza kuwa na mkataba wake. Akikataa, omba kiandikwe kifungu cha kumweka mpangaji mbadala mmoja wenu akiondoka. Siku ya kuingia pigeni picha kila ukuta, bomba na kitasa, mtumieni mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Sheria za upangaji zinatofautiana nchi na nchi, ila picha yenye tarehe inasaidia popote.

Chipukizi
Asanteni. Naingia mwaka wa pili. Hosteli tunalala wanne. Nyumba ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, maji na umeme tunajilipia. Mkataba ni wa miezi 12.

Msomaji wa Usiku
Miezi 12! Na hosteli unalipia miezi mingapi?

Chipukizi
9, ya masomo tu.

Msomaji wa Usiku
Basi ule unafuu uupige hesabu upya. Ili nyumba ilingane na hosteli kwa mwaka, kodi ya mwezi inatakiwa iwe robo tatu ya ile ya hosteli, na hapo bado hujagusa maji na umeme. Ikizidi robo tatu, nyumba ndiyo ghali.

Kifimbo
Likizo anaweza kumpangisha mtu mwingine.

Sheria Mkononi
Mkataba ukiruhusu. Mingi inakataza bila idhini ya maandishi.

Nyota ya Alfajiri
Mnarudi kwenye hela wakati hofu yake ni upweke. Urafiki ni ukaribu wa milango. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Festinger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu makazi ya wanafunzi wenye familia pale chuo cha MIT, Marekani. Watu walifanya urafiki zaidi na jirani wa mlango unaofuata kuliko wa milango michache mbele, na waliokaa karibu na ngazi walijuana na watu wengi zaidi. Hawakuchaguana kwa tabia, walikutana wakipita. Sasa mtu wa nusu saa atapitiwa na nani?

Kifimbo
Atapitiwa na hao anaokaa nao. Nao ni watu.

Nyota ya Alfajiri
Watatu, tena wa darasa lake. Hosteli angekutana na wa fani nyingine na wa mwaka wa tatu, wanaojua somo lipi linahitaji kuanzwa mapema.

Msomaji wa Usiku
Kuna na utafiti wa mchumi Sacerdote, 2001, pale chuo cha Dartmouth, Marekani, ambako wanafunzi wapya walipangiwa wenza wa chumbani kwa bahati nasibu. Mwenza aligusa alama za mwenzake, na pia uamuzi wa kujiunga na vyama vya wanafunzi. Kwenye fani ya kusomea hakuonekana kuwa na athari. Kwa hiyo Kifimbo na Nyota nyote mna hoja. Swali ni hao watatu wa hosteli ni akina nani, na kama ofisi inaruhusu kuomba unayemtaka.

Kifimbo
Mdogo wangu, panga nje. Kaka mzima unaogopa nusu saa ya kutembea?

Chipukizi
Mimi ni dada.

Mama wa Bweni
Mngemuuliza hilo mapema. Nimelea mabweni miaka mingi. Mwanangu, maktaba yenu inafungwa saa ngapi usiku, na hiyo njia ina taa? Nenda kaitembee saa ileile utakayokuwa unarudi, usiitembee mchana. Na nikwambie la hosteli ambalo Nyota hajasema: chuo kidogo Ijumaa jioni kinahama, watu wanaenda kwao. Anayebaki Jumamosi anasikia bomba linadondoka. Kama kwenu ni mbali, waulize wanaobaki wikendi ni wangapi.

Nyota ya Alfajiri
Shikamoo mama. Ni kweli wikendi panapoa. Ndiyo maana sisi tulipigania maktaba ifunguliwe Jumamosi.

Kifimbo
Ya kwetu Jumapili ilifungwa kabisa, na mitihani iko mlangoni. Chuo kinalipisha ada ya maktaba halafu kinafunga.

Mzee wa Kona
Sisi tulikuwa tunasomea ukumbi wa chakula, mhudumu anatuachia taa za upande mmoja.

Kifimbo
Kwetu ukumbi nao ulipigwa kufuli. Nani humu chuo chake kina maktaba ya usiku kucha? Mlianzia wapi kuiomba?

Nyota ya Alfajiri
Anzia kwa mkutubi mwenyewe, si kwa utawala. Yeye ana daftari la kuingia, linaonyesha ni saa ngapi watu wanatolewa nje.

Mama wa Bweni
Chipukizi, hujanijibu la taa. Na hao wenzako wa nyumba, vipindi vyao vya jioni vinaisha wakati mmoja na vyako?