Nyumba ndani ya IRA: mkopo, ubia, au niachane nayo?

Msafiri_Ohio:
Wadau, habari za leo. Nimeacha kazi ya zamani hapa Marekani, hela za 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, nimezihamishia kwenye IRA, akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni yenye nafuu ya kodi, ile ya kujisimamia mwenyewe. Nimepata nyumba ya kupangisha hapa Columbus, wanataka dola 210,000. Njia ninazoziona ni mbili: IRA ikope kiasi kinachopungua, au IRA na mimi binafsi tununue kwa ubia. Wakala anataka jibu Ijumaa. Nipeni mawazo. Nawasilisha.

BintiPemba:
Kaka, umeandika kama mtu anayekimbizwa. IRA ina kiasi gani? Una miaka mingapi? Nani atakaa humo?

Kobe_wa_Dallas:
Mkuu, mkopo wa IRA si ule uliouzoea. Wewe huruhusiwi kuudhamini. Deni likishindikana benki inachukua nyumba tu, mshahara wako haiugusi. Ndiyo maana zinazotoa ni chache, zinataka kianzio cha asilimia 35 mpaka 50, na riba yao iko juu. Ole wako usaini udhamini. Someni kesi ya Peek, Mahakama ya Kodi, 2013. Jamaa wawili walidhamini deni la kampuni iliyomilikiwa na IRA zao mwaka 2001, wakaiuza kwa faida 2006, kodi yote ikawarudia wao.

Msafiri_Ohio:
Samahani dada, haraka tu. Ina 118,000, nina miaka 46. Wapangaji bado, ila kijana wangu anaanza chuo Agosti, atachukua chumba kimoja na atalipa kama wenzake.

BintiPemba:
Kumbe hapo ndipo ulipoficha! Mwanao haruhusiwi kukaa humo hata akilipa mara mbili. Wewe, mkeo, wazazi, watoto na wake au waume zao, wote wamepigwa marufuku. IRS, watu wa kodi wa Marekani, wakibaini, akaunti nzima inahesabiwa umeitoa tarehe 1 Januari ya mwaka huo: kodi ya mapato juu yake, na kwa umri wako adhabu ya asilimia 10.

Msafiri_Ohio:
Duh.

MlaNdizi_MN:
Mdogo wangu, ngoja nikusimulie. Nilinunua kwa mkopo ndani ya IRA, nikaweka karibu kila senti kwenye kianzio ili deni liwe dogo. Nilijiona mjanja. Desemba 2022 hita ya nyumba ikafa. Minnesota hiyo, Desemba! Fundi akasema 5,800. Akaunti ina 900 na rejesho la benki linakuja. Mke akasema si utoe kadi ulipe yaishe. Nikawapigia wanaotunza akaunti, wakasema usithubutu, kila gharama itoke IRA. Nikasema basi nichangie kwenye IRA. Kiwango cha juu cha kuchangia kwa 2022 kilikuwa 6,000, nilishakimaliza tangu Machi. Cha 2023 hakifunguki mpaka Januari mosi. Mimi ni fundi wa mabomba, leseni ninayo, na hata kushika spana kwenye nyumba ile siruhusiwi! Wapangaji wakakaa wiki mbili na vihita vya umeme, kisha wakahama. Nyumba ikalala tupu miezi mitatu, deni halilali.

Kwa hiyo kwa 118,000 yako: ukiweka kianzio cha asilimia 40, ni 84,000. Zinabaki 34,000, toa gharama za kufunga mauzo. Kinachobaki usikiguse.

Kobe_wa_Dallas:
Pole mzee. Ila hamjagusa kodi. Nusu ya nyumba ikiwa deni, karibu nusu ya faida ya pango inatozwa kodi, unajaza fomu ya kodi hiyo, 990-T. Ukiuza deni likiwepo, nako wanakata. Solo 401(k), akiba ya uzeeni ya aliyejiajiri peke yake, haina balaa hilo kwa nyumba za mkopo. Msafiri, huna kibiashara chochote?

Msafiri_Ohio:
Naendesha Uber wikendi.

Kobe_wa_Dallas:
Basi fungua!

BintiPemba:
Kobe na Solo yako, kila uzi unaileta. Kodi hiyo unaitisha watu bure: dola 1,000 za kwanza haziguswi, riba na uchakavu wa nyumba unavitoa kwenye mapato kwa uwiano wa deni, miaka ya mwanzo mara nyingi hulipi kitu. Mimi nasema ubia. IRA 100,000, wewe 110,000 taslimu, hati isomeke hivyo tangu siku ya kwanza, na kila bili mgawane kwa uwiano huohuo. Hakuna deni, hakuna 990-T.

Kobe_wa_Dallas:
Nani ana 110,000 taslimu?

Msafiri_Ohio:
Mimi sina. Nilifikiri sehemu yangu nikope kwa kuweka nyumba hiyo rehani.

BintiPemba:
Ah! Huwezi. Nyumba ya IRA isidhamini deni lako.

OmoshMarini:
Wasee, kwa nini hiyo pesa isiende Kitengela, kule Kenya? Ploti haina hita.

MlaNdizi_MN:
IRA inaweza kumiliki ardhi ng'ambo, lakini hati itatoka kwa jina la kampuni ya Kimarekani inayotunza akaunti. Katiba yenu ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji tu, usiozidi miaka 99.

OmoshMarini:
Lakini mimi ni raia wa Kenya.

MlaNdizi_MN:
Wewe ndiyo. Akaunti yako siyo.

OmoshMarini:
Haya basi. Nani anajua wakili mzuri wa ardhi Kajiado? Kuna ploti nimeonyeshwa na watu wawili tofauti, kila mmoja anasema ni yake.

Msafiri_Ohio:
Wadau, turudi kwangu. Je, mdogo wangu wa kiume anaweza kupanga?

Kobe_wa_Dallas:
Ndugu wa kuzaliwa hawamo kwenye orodha. Lakini waulize kwanza wanaotunza akaunti, wangu walinigomea.

Msafiri_Ohio:
Sawa. Wakala kapiga tena, kuna mteja mwingine. Nimemwambia nasubiri mhasibu.

MlaNdizi_MN:
Mhasibu, mwezi wa tatu huu? Utampata baada ya tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya fomu za kodi.