Naomba ushauri: nimebakiza wiki sita kabla ya mbio za kilomita 21, goti linauma

Habari zenu wadau, niko Ntinda hapa Kampala, nina miaka 34, kazi yangu ya dukani nasimama kutwa. Mwezi Novemba nakimbia kilomita 21 na safari hii nataka kushindana kweli, mwaka jana nilimaliza kwa saa 1 na dakika 52, sasa natafuta chini ya 1:45.

Nikamlipa kocha shilingi 150,000 kwa mwezi anitengenezee programu yangu binafsi. Ananitumia kwa WhatsApp, mara tatu kwa wiki napandisha kilima cha Naguru kwa kasi, jumapili kilomita 18, hakuna siku ya kupumzika. Juzi nikakuta jirani yangu ana programu ile ile neno kwa neno, na yeye ndo kwanza anaanza kukimbia na amenizidi kilo kama 20! Hiyo ni ya binafsi kweli? Imeniuma sana, hela yangu naitafuta kwa jasho.

Sasa goti la kulia linauma mbele, chini ya kile kifupa, hasa nikiteremka kilima au ngazi za dukani, kwenye tambarare halisumbui. Nikimwambia kocha anasema kaza tu mwili utazoea.

Waliowahi kupitia hii, nipunguze vilima nibaki na mbio za polepole, au nisimame kabisa wiki moja? Na kocha mzuri mnamjuaje kabla hujamlipa? Pia asubuhi nakula matooke saa moja kabla ya kukimbia tumbo linakuwa zito, nyie mnakula nini?