Tupeane uzoefu: taimingi na distributa za VW Beetle na Kombi za zamani

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, yenye kontakti pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili ili cheche iruke). Injini hizi zinauawa na desturi ya kugeuza distributa (kifaa kinachogawa umeme wa plagi na kupanga taimingi, yaani wakati cheche inaporuka) kwa sikio mpaka silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itulie. Silensa iliyotulia haikuambii cheche inaruka wapi injini ikifika mizunguko 3,500 kwa dakika, na huko ndiko pistoni zinakotobokea. Feni ina kelele, hivyo injini inaweza kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) muda mrefu bila dereva kusikia. Mwenye vipimo aweke hapa, pamoja na sababu zake.

Fundi_Pointi
Kabla ya kugusa taimingi, weka pointi sawa. Mwanya ni milimita 0.4, ukipimwa kwa fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) pale kitako cha pointi kinapokaa kwenye kilele cha kemu (mbenuko wa shafti ya distributa). Ukiwa na mita ya dweli (pembe ambayo pointi zinabaki zimefunga), tafuta digrii 44 hadi 50. Utaratibu huu haugeuzwi, kwa sababu mwanya ukipungua pointi zinachelewa kufunguka, na cheche inachelewa nazo. Ukipanga taimingi kwanza na pointi baadaye, umefuta kazi yako mwenyewe.

Paka grisi kidogo sana kwenye kemu, na matone mawili ya oili kwenye kitambaa kilicho chini ya rota (kidole kinachozunguka juu ya shafti). Kemu ikiwa kavu, kitako kinalika, mwanya unafunga, na gari linapoteza nguvu polepole hadi mwenyewe analizoea.

Pia shika shafti uitikise kwa pembeni. Ikicheza, bushi zimekwisha: mwanya utabadilika kila mzunguko na hutapata taimingi inayotulia hata ubadilishe pointi mpya kila wiki.

GerejiYaMama
Kwa asiye na taa ya taimingi, balbu ndogo ya volti 12 inatosha kuanzia (gari la umeme wa volti 6 litumie balbu ya volti 6). Zungusha injini kwa nati ya puli ya dainamo, spana namba 21, kufuata mshale wa saa, hadi alama ya digrii 7.5 kabla ya topu (pistoni kuwa juu kabisa), iliyo kwenye puli ya kreki, ikutane na mstari wa maungio ya kreki kesi (kasha la injini). Rota iwe inaangalia kijialama kilichochongwa kwenye ukingo wa distributa. Hiyo ni silinda namba 1. Ikiangalia upande wa pili, zungusha puli ya kreki duara moja zaidi.

Waya mmoja wa balbu kwenye koili namba 1, ule unaokwenda kwenye distributa, mwingine kwenye bodi. Washa swichi. Legeza klampu, geuza distributa kufuata mshale wa saa hadi balbu izime, kisha irudishe taratibu. Pale inapowaka tu, kaza. Usiache swichi imewashwa pointi zikiwa zimefunga, koili itachemka.

Rota inazunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo kugeuza distributa kinyume chake kunawahisha cheche. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2.

Digrii30
Dada, balbu ni mwanzo tu. Kipimo chenyewe ni kule kwenye mizunguko ya juu: jumla ya digrii 28 hadi 32 kabla ya topu, mpira wa vakyumu (unaowahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini) ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Puli nyingi hazina alama hiyo, lakini kuitengeneza ni rahisi. Zungushia puli kipande cha karatasi, kata pale kinapokutana, pima urefu, gawanya kwa 12. Hiyo ndiyo digrii 30 kamili, kwa puli ya ukubwa wowote. Kwenye puli ya kiwandani inakuja karibu milimita 46. Pima kuanzia alama ya topu kwenda kulia, ukiwa umesimama nyuma ya gari, upake rangi nyeupe.

Funga taa kwenye waya wa plagi namba 1, pandisha mizunguko mpaka alama iache kusogea, kwa kawaida kati ya 3,000 na 3,500, kisha geuza distributa alama ikae kwenye maungio. Shuka kwenye silensa utazame imeangukia wapi. Ikiwa 7 hadi 10, distributa ni nzima. Ikibaki 20, vizito vya ndani (vinavyowahisha cheche mizunguko ikipanda) vimekwama au springi imelegea. Kwa mkono, zungusha rota kufuata mshale wa saa uiachie: irudi yenyewe kwa nguvu. Ikirudi kwa uvivu, fungua, osha kwa petroli, tia oili nyepesi.

Usipime kwenye waya namba 3. Baadhi ya distributa za kiwandani zilichelewesha silinda hiyo makusudi, karibu digrii 4, kwa kuwa oili kula (kipoza oili) ya zamani iliinyima hewa ya kupoza.

Swali la mgeni
Kitabu cha gari langu kinasema digrii 5 BAADA ya topu. Nifuate?

Digrii30
Hiyo ni ya distributa yenye mipira miwili ya vakyumu tu, ikipimwa kwenye silensa mipira ikiwa imechomekwa. Ukiiweka kwenye distributa ya mpira mmoja au distributa ya Bosch 009, cheche itachelewa mno, moto utamalizikia kwenye ekzosi na vali za ekzosi zitaungua. Soma namba kwenye mwili wa distributa kabla ya kufuata kitabu.

KombiPwani
Kuhusu 009: haina vakyumu kabisa. Gari likisita ukikanyaga mafuta ghafla, usilitibu kwa kuwahisha taimingi kupita 32. Ongeza mafuta ya pampu ya kabureta, au tafuta distributa ya mpira mmoja. Ukipata ya mpira mmoja, nyonya mpira kwa mdomo na uuzibe kwa ulimi. Sahani ya pointi isogee na ibaki pale. Ikirudi, ngozi ya ndani imepasuka.

Na wa Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari: hewa nyepesi inavumilia digrii 2 au 3 za ziada. Mkishuka Mombasa zirudisheni, kabla ya kupanda tena na Kombi iliyojaa abiria.