Mrejesho: ubishi wa rangi ya sebule umeisha

Habari zenu. Niliuliza kama sebule yangu niipake rangi ya joto (yenye unjano) au ya ubaridi (yenye ubluu): mimi nilikuwa nang'ang'ania kijivu chenye ubluu, mwenzangu anataka krimu. Wengi mlinishauri nisinunue kopo kubwa kabla ya kujaribu. Asanteni, mmeniokoa.

Nilipaka vipande viwili vya ubao, kila kimoja mikono miwili ya rangi, nikaviacha vikauke kabisa, kisha nikawa navihamisha ukuta hadi ukuta. Asubuhi kijivu kilipendeza kweli, nikaanza hata kutamba. Dirisha letu linatazama magharibi, kwa hiyo jioni jua likaingia na krimu ikawa kama siagi. Nikajua nimeshinda. Usiku tukawasha taa: balbu zetu ni zile nyeupe za kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba kubwa mwanga una ubluu, ndogo una unjano), na kijivu changu kikageuka rangi ya wodi. Mwenzangu hakusema neno, alicheka tu.

Tukajaribu balbu ya 2700. Kijivu kikatulia, lakini krimu ikazidi unjano. Kumbe muda wote nilikuwa nabishana na taa.

Tumeishia hivi: sebuleni krimu hafifu, ile ambayo mpaka uiweke kando ya karatasi nyeupe ndipo unaona ina unjano, na balbu za 4000. Kijivu kimehamia chumbani. Dari bado, nyeupe tuliyoinunua nayo ina ubluu, ukiiweka karibu na krimu inaonekana wazi. Itabidi tubadilishe.