Mjadala: Maktaba ya chuo inunue riwaya, au fedha zote ziende kwenye vitabu vya kozi?

MLETA MADA

Wadau, salaam. Hoja hii huzuka kila bajeti ya maktaba inapopangwa, na kila mara huzimwa kabla haijajadiliwa vizuri. Mimi ni mkutubi wa chuo, na msimamo wangu nautaja mapema: maktaba ya chuo ina wajibu wa kumfanya mwanafunzi asome kwa raha yake, hata kama hakuna mtihani unaomsubiri, na wajibu huo utengewe fungu lake.

Wanaopinga wana hoja nzito. Fedha ni chache, darasa zima linagombania nakala moja ya kitabu cha anatomia, halafu wewe unaagiza riwaya za kipelelezi! Naielewa hasira hiyo.

Lakini hebu tuangalie maktaba zetu zilivyopangwa. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, uliochapishwa mara ya kwanza 1876, humpeleka mwanafunzi wa uhasibu kwenye rafu ya 657 na wa uuguzi 610.73. Riwaya ziko 800 na kuendelea, zimechanganyika na vitabu vya uhakiki, mara nyingi mwisho kabisa wa ukumbi. Maktaba nyingi za umma huzitoa riwaya humo na kuzipa rafu zake. Sisi wa vyuoni tunaziacha hukohuko, kisha tunasema wanafunzi hawapendi kusoma. Mtu anaweza kumaliza shahada yake bila kupita mbele ya hadithi hata moja.

Tulipoweka meza karibu na mlango, vitabu vimelazwa majalada yakitazama juu, nilimwona kijana wa uhandisi wa umeme akifungua kimoja akiwa amesimama. Alisoma kurasa kadhaa, mkoba haujashuka begani. Kitabu hicho kilikuwa kwenye katalogi siku zote, ila hakikuwa njiani kwake. Ranganathan, mkutubi wa India, alishaandika mwaka 1931, katika kanuni zake tano za maktaba, kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Kazi yetu ni kuwakutanisha.

Karibuni tujadili.

MDAU WA KWANZA

Mkuu, mimi ni mhadhiri na ninapinga. Napokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao makala ya kurasa ishirini inawashinda. Hao wanahitaji kufundishwa kusoma kitaaluma. Burudani waitafute kwingine, maktaba za umma zipo. Na huu mtindo wa meza na viti laini ni mambo mapya ya kufuata mkumbo.

MLETA MADA

Mwalimu, si mambo mapya. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walifungua chumba cha namna hiyo ndani ya maktaba yao ya Widener mwaka 1916, Farnsworth Room, kwa ajili ya kusoma kwa raha.

Kuhusu makala ya kurasa ishirini, hapo ndipo ninapokuomba utazame tena. Anayeshindwa kukaa na makala hiyo mara nyingi hajazoea kukaa na maandishi marefu ya aina yoyote. Katika PISA ya 2009, utafiti wa kimataifa unaopima wanafunzi, kwa wastani wa nchi za OECD (jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri), asilimia 37 ya wanafunzi wa miaka 15 walisema hawasomi kabisa kwa kujifurahisha, na waliosoma kwa raha walifanya vizuri zaidi katika kusoma. Utaniambia huenda wanasoma kwa sababu tayari wanaweza. Ni kweli, na Stanovich, mtafiti wa saikolojia ya kusoma, alilieleza hilo mwaka 1986: anayesoma vizuri husoma zaidi, na anayesoma zaidi huzidi kuwa hodari. Mwenye nacho huongezewa. Swali langu ni kwamba huyu asiye nacho ataanzia wapi? Kwenye makala yako ya takwimu?

MDAU WA PILI

Naunga mkono hoja, ila bila kusukumwa hawasomi. Wapewe alama tano za kozi: riwaya moja kila muhula, halafu muhtasari wa kurasa mbili. Mtaona watakavyojazana maktaba.

MLETA MADA

Hapa, ndugu yangu, napinga kwa nguvu kuliko ninavyompinga mwalimu. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wadogo wanaopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Baadaye, cheti kilipoondoka, waliokuwa wameahidiwa walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, hawakupungua. Kwa hiyo kilichoharibu mapenzi yao ya kuchora ni kule kuchora kwa ajili ya cheti.

Sasa weka alama tano kwenye riwaya. Siku ya kwanza mwanafunzi atauliza ipi ni nyembamba. Siku ya pili muhtasari utakuwa unazunguka kwenye simu za darasa zima. Muhula ukiisha, atairudisha kama mtu anayetua mzigo, na takwimu za kuazima zitapanda kweli! Tutaandika ripoti nzuri, na msomaji hatutampata. Kusoma kwa raha maana yake ni pamoja na ruhusa ya kukiacha kitabu ukurasa wa thelathini kwa sababu kimekuchosha, na asikuulize mtu. Ukiondoa ruhusa hiyo umeongeza kozi nyingine.

MDAU WA TATU

Mimi ni mwanafunzi. Mnazungumza kama vile hatupo. Kwanza faini: naogopa kuazima kitabu kinene kipindi cha majaribio kwa sababu najua nitachelewa. Pili, hivyo vya mezani nani anavichagua? Tunawekewa vilevile tulivyovifanyia mtihani sekondari. Tunataka za mapenzi, za kutisha, vibonzo, za kipelelezi. Hata orodha tu tuandike wenyewe.

MLETA MADA

Dada, yote mawili nayachukua. Riwaya zisitozwe faini, na orodha mwandike ninyi. Nikiona kitabu cha mtihani wa sekondari kwenye ile meza nitakitoa mwenyewe.

MDAU WA KWANZA

Sawa, hoja ya alama umeijibu vizuri, na huyo mwanafunzi ana haki. Lakini fedha bado ni zilezile. Nakubali kwa sharti moja: palipo na kitabu cha kozi kinachohitaji nakala ya ziada, riwaya isubiri.

MLETA MADA

Sharti hilo siliwezi, mwalimu. Nakala ya ziada haiishi kuhitajika, kwa hiyo riwaya zitasubiri milele. Naomba fungu dogo, hata liwe dogo kiasi gani, ila liwe la kudumu na lisiguswe katikati ya mwaka. Ukubwa wake tuujadili. Wakutubi wa vyuo vingine, kwenu fungu hilo lipo? Na nani anashika kalamu ya kuagiza?