Kuorodhesha programu zilizomo ndani ya mashine: Windows, Ubuntu, Mac

katuba_pc: Jambo wote. Sekretariati yetu hapa Katuba, Lubumbashi, ina mashine 9: Windows 10 ya Kifaransa 5, Ubuntu 22.04 3, Mac 1. Nataka orodha ya programu za kila moja, kisha nitoe zisizotumika. Kwenye Windows `wmic product get name` imechukua dakika nyingi, na Firefox haimo. Mega za intaneti ni chache. Nifanyeje?

mzee_wa_diski: Achana na wmic, ndugu. Inaona zilizowekwa kwa MSI (aina ya faili la kuwekea programu la Windows) tu, na kila ukiiita inakagua moja moja, hata kuzirekebisha bila kukuuliza. Firefox kwa kawaida haiji kwa MSI. Fungua PowerShell uandike:

`winget list > E:\pc1.txt`

E: ni flashi yako. Majina marefu hukatwa, usishtuke. Kama winget (amri ya Windows ya kusimamia programu) haimo, bonyeza Windows+R, andika `appwiz.cpl`. Ila humo hutaona programu za Microsoft Store. Hizo ziko Paramètres (mipangilio) > Applications. Na usiguse `winget upgrade --all`, itakula mega zote.

terminali: Ubuntu ina milango miwili ya kuwekea programu, apt na snap, na hapo ndipo wengi wanapotea. `dpkg -l` inamwaga maelfu ya mistari, nyingi ni maktaba tu (vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingine). Bora `apt-mark showmanual`, kisha `snap list`. Firefox ya 22.04 ni snap: kwenye apt utakuta kifurushi kitupu chenye jina lake, ukikitoa hujaokoa nafasi.

Kutoa: `sudo apt purge jina`, kisha `sudo apt autoremove`. Soma orodha kabla ya kujibu O (Oui, yaani ndiyo)! Ukiona `ubuntu-desktop` au mamia ya vifurushi, jibu n. Mipangilio iliyo ndani ya /home haifutwi.

Snap hujisasisha zenyewe, na mega zako zinaenda huko. `sudo snap refresh --hold` inazizuia. Siku ya Wi-Fi nzuri, `--unhold`.

katuba_pc: Asante sana. Na Mac?

mzee_wa_diski: `system_profiler SPApplicationsDataType > orodha.txt`. Ukitupa programu kwenye Corbeille (pipa la taka), mabaki yanabaki ~/Library/Application Support. Yafute kwa mkono, moja moja.

terminali: Kama kuna Homebrew (chombo cha kuweka programu kwa terminali), ongeza `brew list`, vya terminali havionekani kwenye orodha ile.

katuba_pc: Imekubali. Kwenye mashine ya 3 Firefox imetokea mara mbili.

mzee_wa_diski: Moja huenda ni "Mozilla Maintenance Service". Iache, ndiyo inayosaidia Firefox kujisasisha.